Kompyuta ya steshenari Moshi iliyoambiwa "mazabodi imekufa": uchambuzi wa kisa

Mhusika na kompyuta yenyewe

Mwenye kompyuta ni mama wa makamo, ana steshenari Moshi mjini. Jina, mtaa na mambo mengine mawili matatu nimeyaondoa au kuyabadilisha ili asijulikane, ila yaliyotokea kwenye kompyuta ni yale yale. Duka ni la kawaida tu, fotokopi, kuchapa barua za maombi, kadi za harusi na za kipaimara, mihtasari ya vikundi, halafu kuwajazia watu maombi mtandaoni, Ajira Portal, uhakiki wa vyeti vya kuzaliwa RITA na vitu kama hivyo. Kompyuta anayo moja. Ikilala hiyo duka zima limelala, inabaki fotokopi na kuuza peni.

Alinunua mtumba, boksi peke yake kwa 180,000, monita na kibodi alikuwa navyo. Mbele lilikuwa na stika inang'aa imeandikwa Core i5, aina ya prosesa, na aliyemuuzia alimwambia hii ni i5 safi toka Ulaya mama, haina shida. Risiti hamna, karatasi hamna, jina la kampuni kwenye boksi lilishafutika, kwahiyo hata ukitaka kutafuta mtandaoni ni mashine gani huna pa kuanzia.

Niseme na jambo moja la lugha maana linaleta shida kila siku. Huku kwetu mtu akisema "CPU" anamaanisha boksi lote, na fundi akisema CPU anamaanisha prosesa, kile kipande kidogo cha mraba kinachokaa chini ya feni. Mama aliponipigia mimi, fundi wa pili, baada ya shikamoo na marahaba, alisema, "Mwanangu, CPU yangu imekufa, fundi kasema ni mazabodi." Mazabodi ni ile bodi kubwa ya ndani inayounganisha viungo vyote. Ukisikia hivyo kwenye simu usikimbilie kutaja bei ya kitu chochote. Nilimuuliza, "Pole mama. Ukiwasha, feni inazunguka? Taa inawaka? Kuna mlio wowote?" Akasema feni inazunguka, taa inawaka, mlio hamna, kioo cheusi tii.

Yaliyotokea kabla sijaitwa

Hii sehemu niliipata kwa kumuuliza mama taratibu, na ndo iliyonisaidia kuliko vifaa vyote nilivyobeba. Kompyuta ilikuwa inafanya kazi ila nzito mno, ukifungua Publisher, ile programu ya kutengenezea kadi, unaenda kunywa chai unarudi. Mpwa wake anayesoma chuo Arusha akamwambia shangazi hii inataka RAM, ile kumbukumbu inayotumika kompyuta ikiwa kazini, akanunua RAM ya 4GB huko huko Arusha akaja nayo wikiendi. Akatoa ya zamani akaweka mpya, kioo cheusi. Akatoa mpya akarudisha ya zamani, kioo bado cheusi, na hapo kijana wa watu akaingiwa na hofu akajua kaunguza. Fundi wa kwanza akaitwa, akafungua, akachomoa pawa saplai, kile kiboksi kinachogawa umeme ndani, akaijaribu kwa kuunganisha waya wa kijani na mweusi, feni ya pawa saplai ikazunguka, akasema saplai nzima, kwahiyo mazabodi ndo imekufa, mama tafuta boksi lingine.

Simlaumu kwa kukosea, kila fundi anakosea. Ila angalia mpangilio: kompyuta ilikuwa inawaka, mtu akagusa RAM, ikaacha kuwaka. Kitu cha kwanza kushuku ni kile kilichoguswa mwisho, na hicho hakuna aliyekirudia.

Siku ya kwanza: kufungua na kuandika kilichomo

Nilichomoa waya wa umeme ukutani, nikabonyeza swichi ya kuwashia kama sekunde tano ili umeme uliobaki uishe, nikagusa chuma cha boksi kabla ya kugusa kitu kingine. Ndani vumbi lilikuwa limeshonana kama blanketi, lile vumbi jekundu la huku, hitisinki ya prosesa, kile chuma cha kuipoza, huoni hata mapezi yake. Sikupuliza kwanza. Nilichukua daftari nikaanza kuandika nilichokiona, maana kompyuta isiyo na jina inabidi uiulize kiungo kimoja kimoja.

Mazabodi huwa ina jina lake limechapwa juu yake, mara nyingi katikati ya sloti (nafasi za kuchomekea) za kadi au karibu na sloti za RAM, siyo zile stika ndogo zenye namba ndefu, ni yale maandishi makubwa meupe. Hii iliishia na G41, hiyo ni chipseti (chipu zinazosimamia mazabodi) ya Intel ya miaka ya 2008 na ni kwa ajili ya prosesa za soketi, yaani kikalio cha prosesa, ya LGA775. Hapo hapo nikajua stika ya mbele inadanganya, maana i5 za mwanzo kabisa zilitoka 2009 na hakuna i5 hata moja inayokaa kwenye soketi ya 775, umbo lenyewe haliingii. Nilitoa hitisinki nikafuta grisi iliyokauka juu ya prosesa nikasoma: Core 2 Duo E7500, 2.93GHz. Ni prosesa nzuri kwa umri wake ila siyo kile mama alicholipia. Nilimuonyesha yale maandishi kwa tochi ya simu, akayasoma mwenyewe kwa sauti, akanyamaza. Iliniuma, kwa kweli.

RAM ya zamani ilikuwa na stika ya PC3-10600, 2GB. Kwa asiyejua, hiyo PC3 ni DDR3, na 10600 ni sawa na kusema 1333. Ukikuta PC2-6400 hiyo ni DDR2 ya 800. Zote mbili zina pini 240 na urefu mmoja lakini kile kipengele cha chini hakiko sehemu moja na volti ni tofauti, DDR2 inatumia 1.8 na DDR3 inatumia 1.5, na baadhi ya mazabodi za G41 zinatumia DDR2 na nyingine DDR3, kwahiyo jina la chipseti peke yake halitoshi, angalia kipande kilichokuwemo. Ikigoma kuingia usiilazimishe kwa kidole gumba, nimeona sloti zilizopasuka.

Sasa ile RAM mpya ya Arusha. Nayo DDR3, nayo inaingia vizuri, haina kosa lolote kwa macho. Nikaiweka sloti ya kwanza, cheusi, sloti ya pili, cheusi. Na hapa nilifanya kosa langu la kwanza, niliandika kwenye daftari "sloti zote mbovu?" wakati bado sijajaribu ile ya zamani ipasavyo.

Mazabodi nyingi za mtumba zimeondolewa kile kispika kidogo cha ndani ndo maana hazilii. Ninacho kimoja natembea nacho, nikakichomeka kwenye pini zilizoandikwa SPEAKER, nikatoa RAM zote, nikawasha bila RAM kabisa. Ikalia mlio mrefu, ikanyamaza, ikalia tena, ikanyamaza, inarudia hivyo hivyo. Yaani nilifurahi. Mazabodi iliyokufa hailalamiki. Ili ilie hivyo prosesa lazima iwe inafanya kazi, BIOS, ile programu ndogo ya kuwashia iliyo kwenye mazabodi, iwe inasomeka, na ijue kabisa kwamba RAM haipo. Nilimwambia mama, "Mama, mazabodi yako iko hai, sikia inaomba RAM."

Nikachukua RAM ya zamani nikasugua meno yake ya dhahabu kwa raba ya penseli, taratibu, pande zote mbili, nikasafisha sloti kwa brashi kavu, nikaiingiza mpaka vibano vya pande zote mbili vikalia vyenyewe. Picha ikaja. Mpwa alipoirudisha ile siku upande mmoja haukukaa sawa, au vumbi liliingia kwenye sloti, mojawapo kati ya hayo, hamna zaidi. Nikaijaribu na sloti ya pili, picha ikaja pia, nikafuta yale maandishi yangu ya sloti mbovu.

Kwanini RAM mpya ilikataa

Hapa nakaa kidogo maana nimeona watu wengi wakitupa hela. Chipseti za kizazi cha G41 hazisomi RAM ambayo kila chipu yake moja imebeba ujazo mkubwa kuliko ilivyotengenezewa. Huhitaji kifaa kulijua hili, unahesabu vile vidude vyeusi juu ya RAM. RAM ya 4GB yenye chipu 8, gawanya, kila chipu imebeba 512MB, yaani gigabiti 4. G41 mwisho wake ni gigabiti 2 kwa chipu, yaani 256MB. Kwahiyo 4GB ya kuingia humu lazima iwe na chipu 16, nane huku nane huku. Na 2GB yenye chipu 8 inakubali bila shida, maana kila moja ni 256MB tu. Ile ya mpwa ilikuwa na chipu 8 upande mmoja na upande wa pili uko mtupu. Ilikuwa nzima, tuliijaribu kwenye kompyuta nyingine mpya zaidi ikawaka mara moja, ila kwa hii mashine ni sawa na hamna.

Na kulikuwa na jambo jingine juu yake. Kompyuta ilikuwa imepigwa Windows 7 ya biti 32, ambayo hata ungeweka 4GB inatumia kama 3 na kidogo, iliyobaki haionekani. Kwahiyo hata ile RAM ingekubali, mama asingeuona uzito ukipungua kwa kiasi alichoahidiwa. Mpwa alikuwa na nia nzuri kabisa ila alinunua kabla ya kujua mashine ni ipi.

Siku ya pili na ya tatu: inazima yenyewe

Baada ya picha kuja ile siku ya kwanza nilipuliza vumbi lote, nikaweka grisi mpya ya prosesa, nikafunga, mama akashukuru sana na wateja wa kadi za kipaimara walikuwa wameshaanza kujaa mlangoni, nikaondoka. Data sikuitoa. Hili nitalirudia huko chini.

Kesho yake saa nne asubuhi akapiga simu, "Fundi, imezima yenyewe kama mtu kachomoa waya." Imewashwa, ikakaa kama dakika ishirini, ikazima tena. Nikaenda nikaingia BIOS kuangalia joto, prosesa nyuzi 58. Hiyo siyo joto la kuzimisha prosesa, na namba nilikuwa naiona mbele yangu kabisa, lakini kichwani nilikuwa nimeshaamua ni joto, maana ule ulikuwa mwezi wa joto na Moshi siyo Arusha, mashine iliyokuwa inavumilia Sakina au Njiro kule Arusha ikishuka huku chini inahema. Nikamwambia mama aache mfuniko wa pembeni wazi na aelekeze feni ya meza. Ikazima tena mara tatu mchana ule.

Siku ya tatu ndo nilikuja na multimita, kipimo cha volti, kitu ambacho kilitakiwa kutoka kwenye begi siku ya kwanza. Rangi za waya za pawa saplai ni hizi: njano volti 12, nyekundu 5, chungwa 3.3, zambarau ni 5 ya kusubiri, nyeusi ni sifuri, yaani graundi. Inaruhusiwa kupanda au kushuka asilimia 5 tu, yaani njano iwe kati ya 11.4 na 12.6. Mashine ikiwa imetulia njano ilisoma 11.6, bado iko ndani lakini chini chini. Nikaifungulisha kazi, faili kubwa, CD inazunguka, prosesa imebanwa, njano ikateremka 11.3, 11.1, na ilipofika 11.0 ikazima mbele ya macho yangu.

Nikamulika tochi kwenye matundu ya pawa saplai, kapasita (vile vikopo vidogo vinavyotunza umeme) mbili zimevimba kichwani na moja ina ukoko wa kahawia. Sikuifungua na nawasihi msifungue kama hamna ujuzi huo, umeme wetu wa 230 ukishageuzwa ndani ya saplai unakuwa kama volti 325 na unaweza kukaa kwenye kapasita kubwa hata baada ya kuchomoa waya. Kile kipimo cha waya wa kijani na mweusi alichofanya fundi wa kwanza kinakuambia saplai inaamka, hakikuambii kama inaweza kubeba mzigo, na hii ilikuwa inaamka vizuri kabisa kila siku.

Nikapata saplai ya mtumba mjini. Nyuma yake kuna ile swichi nyekundu ndogo, nikaiangalia kabla ya kuchomeka: imekaa 115. Hizo zinatoka nchi zenye umeme mdogo kama Marekani, na ukiichomeka kwenye 230 ikiwa 115 inalipuka mara moja, mlio mkubwa, moshi, na pengine inaondoka na mazabodi. Nikaisogeza 230 kwa bisibisi, nikaijaribu nje ya boksi kwanza, nikapima njano, 12.1. Nikaifunga, nikaibana kazi saa nzima, haikushuka chini ya 11.9.

Saa iliyorudi 2009

Wakati nasubiri kipimo nikaona kona ya kioo tarehe ni Januari 2009. Nikamuuliza mama, akasema hiyo kila ikizimwa ukutani inarudi huko, amezoea. Halafu nikamuuliza mtandao unasumbua? Akasema sana, miezi mingi, kurasa za maombi hazifunguki, zinaleta onyo jekundu, ameshabadilisha laini mara mbili na ananunua bando kila siku akijua mtandao ndo mbovu. Wateja wa Ajira Portal aliwapeleka duka la jirani.

Betri ya mazabodi, CR2032 ile ya duara kama sarafu, inatakiwa volti 3, hii ilisoma 2.3. Kurasa za mtandao zenye kufuli zinakuja na cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, kompyuta ikiamini ni 2009 inaona cheti hakijaanza hata kutumika, inakataa. Betri ya 1,500. Niliibadilisha, nikaweka tarehe, kurasa zikafunguka. Mama alikaa kwenye kiti akahesabu kwa vidole miezi aliyokuwa anawarudisha watu. Windows 7 nayo ilikuwa na mchango wake, msaada wake uliisha Januari 2020 na Chrome iliacha kuitolea matoleo mapya toka 2023, ila kilichokuwa kinaleta lile onyo siku zote ni tarehe.

Hadidiski

Sasa ndo nikakumbuka data. Nikawasha kwa flashi yenye Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, nikasoma afya ya hadidiski, pale data inapotunzwa, ni SATA (aina ya kiunganishi cha diski) ya 250GB imeandikwa 2010. Sekta, yaani vijisehemu vya diski, zilizohamishwa kwa ubovu zipo, na zile zinazoshukiwa zinazosubiri, namba 197 kwenye orodha, zilikuwa zaidi ya arobaini. Namba 197 ikiwa siyo sifuri usiendelee na kitu kingine, nakili kwanza. Nikaanza na folda za kazi moja moja, barua, kadi, CV za watu, zikatoka. Folda ya kikundi kimoja cha VICOBA ambacho mama ni katibu wake ikakwama, nikatumia ddrescue, programu ya kuokoa data, usiku kucha, ikatoa nusu. Mihtasari ya miezi minne haikusomeka.

Maamuzi na sababu zake

Swali la kwanza lilikuwa kutengeneza au kununua nyingine. Boksi la i5 ya kweli ya kizazi cha nne lilikuwa linaenda kama 280,000 mtumba, na mama asingekuwa na hiyo hela mpaka baada ya msimu wa kadi. Ningemwambia anunue kama angekuwa nayo, sitaki kudanganya, Core 2 Duo imeshazeeka. Ila kwa kuchapa na kujaza fomu bado inatosha ikipewa SSD, diski ya kasi isiyozunguka, kwahiyo tulikubaliana isogezwe mwaka mmoja miwili huku anadunduliza.

Saplai 30,000, SSD ya 120GB 45,000, betri 1,500, ufundi 25,000, jumla 101,500. Zile siku mbili za kuzunguka na joto sikuzitoza, lilikuwa kosa langu. RAM ya 4GB ilirudi Arusha kwa basi, duka likamkubalia mpwa kuibadilisha na 2GB yenye chipu 8, ikakaa pamoja na ile ya zamani zikawa 4GB. SSD kwenye mazabodi hii haifiki kasi yake yote maana SATA yake ni ya gigabiti 3 kwa sekunde, na hata hivyo tofauti ni kubwa mno, kuwaka ilikuwa dakika nne na kitu, sasa haifiki moja.

Windows ilinisumbua kuamua. Windows 11 mashine hii haiwezi. Windows 10 msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025 na tulikuwa tumeshaipita. Linux Mint, toleo mojawapo la Linux, inakwenda vizuri humo na bado inapata masasisho, ila wateja wanaleta faili za Word na kadi zake zote ziko Publisher, ukizifungulia LibreOffice, programu ya ofisi ya kule Linux, mistari inahama na mteja wa harusi haelewi habari hizo. Mwisho nikaweka zote mbili, Windows 10 ya biti 64 kwa kuchapa, Mint kwa kila kitu cha mtandaoni chenye nywila ya mtu. Nywila za vijana wanaoomba kazi siyo za mama wala siyo zangu, na nilimweleza hivyo hivyo.

Baada ya kupiga Windows kadi ya mtandao ilikuwa haijulikani, ina alama ya njano. Usipakue programu za kutafuta draiva (programu ndogo inayoiwezesha Windows kutumia kifaa), nyingine zinaleta virusi. Ingia kwenye maelezo ya kifaa usome namba yake, VEN_8086 ni Intel, VEN_10EC ni Realtek, VEN_10DE ni NVIDIA, VEN_1002 ni AMD. Yake ilikuwa 10EC, nikajua draiva ya nani natafuta, dakika tano ikaisha.

Matokeo

Mpaka naandika hii ni miezi mitatu, haijazima yenyewe hata mara moja. Binti anayemsaidia dukani ndo anatumia Mint zaidi ya mama, anasema inafunguka haraka. Wateja wa maombi wamerudi, siyo wote. Stika ya i5 mama aliibandua mwenyewe kwa kucha. Ndani ya mfuniko nimebandika karatasi: G41, 775, E7500, DDR3 chipu zisizidi 256MB, saplai imebadilishwa, betri imebadilishwa, na tarehe.

Uchambuzi

Kilichofaa zaidi ni kumsikiliza mama kabla ya kushika bisibisi, na kuandika kilichomo kabla ya kubadilisha chochote. Bila kujua ni G41 nisingejua kwanini RAM nzima inakataliwa, ningeishia kusema mazabodi kama mwenzangu. Ule mlio bila RAM nao uliokoa 280,000 ya mama ndani ya dakika mbili, na kispika chenyewe ni kitu cha kung'oa kwenye boksi lolote lililokufa.

Kilichotuchelewesha ni kwamba hii kompyuta haikuwa na ugonjwa mmoja. Ilikuwa na RAM isiyokaa vizuri, saplai inayokufa, betri iliyoisha na hadidiski inayooza, vyote kwa pamoja, na kila kimoja kilikuwa kinajificha nyuma ya mwenzake. Uzito wote ulilaumiwa RAM wakati hadidiski ndo ilikuwa inahangaika kusoma. Mtandao ulilaumiwa wakati ni betri. Mimi nikalaumu joto na nyuzi 58 iko mbele yangu. Mashine ya umri huu ukipata tatizo moja ukaona limeisha, endelea kupima, volti kwenye mzigo, betri, afya ya hadidiski, haizidi nusu saa.

Kosa kubwa ni data. Picha ilipokuja siku ya kwanza kitu cha kwanza kilitakiwa kuwa flashi ya Linux na kunakili kila kilichopo, kabla ya vumbi, kabla ya grisi, hata kama wateja wamejaa mlangoni. Badala yake niliiacha hadidiski ya 2010 izimwe ghafla kwa siku mbili, kila mara ikiwa katikati ya kuandika. Kama zile sekta zilikuwa zimeshaharibika kabla yangu siwezi kusema, sikuzipima siku ya kwanza. Mama alikaa na mweka hazina wa kikundi na daftari la marejesho, wakaandika upya walichokumbuka. Hesabu za hela zilirudi zote. Nani aliomba mkopo wa nini, na kikundi kilikubaliana nini kwenye ile miezi minne, hayo mpaka leo hayapo popote.